Dhambi, hukumu na huruma: maswali yanayorudi kila Wakristo wanapobishana

Ubishi huu mara chache huanzia kwenye kitabu. Huanzia kwa mtu: binti aliyepata mimba, kaka aliyeoa tena baada ya talaka, rafiki aliyesema jambo kuhusu nafsi yake ambalo kanisani kwao hawakutaka kulisikia. Dakika kumi baadaye mistari ya Biblia inarushwa huku na huku, na yule mtu ameshasahaulika.

Majibu yaliyo hapa chini hayakuamulii lipi ni dhambi na lipi si dhambi. Yanaeleza watu wanabishania nini hasa. Kwa nionavyo, mara nyingi mmoja anajibu swali "je, hii ni dhambi?", mwenzake anajibu "tumtendeeje mtu huyu?", na wa tatu anauliza "wewe ni nani hata useme?" Ni maswali matatu tofauti, ila yanapigiwa kelele kwa pamoja kana kwamba ni moja.

Si Yesu alisema "Msihukumu"? Mbona basi mnajadili dhambi za watu?

Alisema: "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi" (Mathayo 7:1). Lakini endelea kusoma sura hiyohiyo. Aya ya 5 inasema ukishatoa boriti katika jicho lako utaona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Yaani kibanzi kipo, na kitatolewa. Aya ya 15 inaonya juu ya manabii wa uongo, na huwezi kujihadhari na nabii wa uongo bila kupima. Katika Yohana 7:24 Yesu anaagiza watu wafanye hukumu iliyo ya haki badala ya hukumu ya macho tu.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. "Kuhukumu" kwetu kuna harufu ya mahakama: ukilisikia unaona kizimba, hakimu na kifungo. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika, *krino*, ni kipana zaidi. Chaweza kuwa kupambanua, kuamua, au kumtia mtu hatiani, na muktadha ndio unaosema ni kipi. Kusema "kitendo hiki ni kibaya" ni jambo moja. Kusema "aliyekitenda ni mtu mbaya" ni jambo jingine. Kusema "huyo hana sehemu kwa Mungu" ni la tatu, na hapo hata mapokeo makali husita: Kanisa Katoliki hutangaza watakatifu kwa majina, lakini halijawahi kutangaza kwamba fulani yuko motoni.

Hata hivyo, anayetaja Mathayo 7:1 si lazima awe anakwepa. Huenda amekutana na yule nyani asiyeona kundule, anayejua dhambi za mtaa mzima na hajawahi kukiri hata moja yake mwenyewe. Yesu alikuwa na neno kwa mtu wa namna hiyo: mnafiki.

"Chukia dhambi, mpende mwenye dhambi" ni mstari gani?

Si mstari wowote wa Biblia. Chimbuko lake la karibu ni Augustino, askofu wa Hippo, katika barua aliyowaandikia watawa wa kike mwanzoni mwa karne ya 5. Alikuwa akieleza jinsi ya kuonyana ndani ya nyumba ya kitawa, akasema lifanyike kwa kuwapenda watu na kuchukia maovu. Karne nyingi baadaye Gandhi, ambaye hakuwa Mkristo, alilitaja wazo hilo na kuongeza kwamba ni rahisi kulielewa lakini ni nadra kutendwa.

Angalia lilikotoka. Augustino aliwaandikia watu walioishi chini ya paa moja, waliokula pamoja, waliojuana kwa majina, kila mmoja akijua kwamba kesho zamu ya kuonywa yaweza kuwa yake. Msemo ule ukitolewa humo na kumwelekea mtu usiyemjua, hubaki na neno moja tu linalosikika, nalo ni "chukia". Ndiyo maana wengi wanaoambiwa hivyo hawausikii upendo wowote, hasa pale kinachoitwa dhambi ni kitu ambacho wao wanakihesabu kuwa sehemu ya nafsi yao. Wanaoutetea husema: tukikataa kutenganisha mtu na tendo lake, basi hata mlevi hatuwezi kumpenda bila kuusifu ulevi. Pande zote mbili zina hoja. Ninalolitilia shaka ni upendo unaotangazwa na mtu ambaye hajawahi kumtembelea anayempenda.

Dhambi zote ni sawa mbele za Mungu?

Kwa maana moja, ndiyo: Yakobo 2:10 inasema anayejikwaa katika neno moja amekosa juu ya sheria yote. Kwa maana nyingine, hapana: Yesu anamwambia Pilato kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi iliyo kubwa zaidi (Yohana 19:11), na anawakemea Mafarisayo kwa kulipa zaka ya mnanaa huku wakiacha mambo mazito ya sheria. Wakatoliki hutofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Ili iwe ya mauti lazima jambo liwe zito, mtu awe anajua, na awe ameridhia kwa hiari. Waprotestanti wengi hawautumii mgawanyo huo, lakini kivitendo hakuna mchungaji anayeshughulikia uongo mdogo na mauaji kwa namna moja.

Jihadhari na sentensi hii inapotumika kama kifuniko. "Sote tuna dhambi" ikitamkwa mbele ya mtu aliyepigwa na mumewe, imetamkwa ili anyamaze.

Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi: nani anakisoma sawasawa?

Kisa hiki, Yohana 8:1-11, ndicho kinachovutwa zaidi na kila upande. Mmoja anaanza na aya ya 7: "Yeye asiye na dhambi miongoni mwenu na awe wa kwanza wa kumtupia jiwe." Mwingine anakimbilia aya ya 11: "Enenda zako, wala usitende dhambi tena." Kila mmoja anasoma nusu ya kisa na kumshutumu mwenzake kwa kusoma nusu ya kisa.

Ukikisoma chote, mpangilio wake unashangaza. Kwanza mawe yanaondoka. Kisha Yesu anasema, "Wala mimi sikuhukumu." Ndipo, wakiwa wamebaki wawili tu, linakuja neno juu ya dhambi. Hakumsahihisha mbele ya umati, na hakumwachia bila kumsahihisha. Mwandishi hasemi kwamba mwanamke alitubu au alilia. Hatujui alikwenda wapi baada ya hapo. Na mwanamume yuko wapi? Mambo ya Walawi 20:10 inawataja wote wawili, lakini waliomleta mwanamke walifumania, kwa namna ya ajabu, mtu mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Kisa hiki hakimo katika nakala za kale zaidi za Kigiriki za Injili ya Yohana, kama zile ziitwazo Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4, na wataalamu wengi huona kwamba kiliingizwa hapo baadaye, hata kama chenyewe ni simulizi ya kale. Augustino alikuwa na maelezo yake: kwamba watu wenye imani haba walikiondoa kwa kuogopa wake zao wasije wakapata ruhusa ya kuzini. Huenda alikosea kuhusu historia ya nakala. Lakini sikiliza hofu anayoieleza! Miaka 1,600 iliyopita tayari kulikuwa na watu waliofikiriwa kuwa wangeweza kukata ukurasa wa Injili kwa sababu huruma yake ilizidi kipimo.

Kwa hiyo mabishano haya si ya siku hizi?

La. Chukua mwaka 250. Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Rumi na kupewa cheti. Wakristo wengine walikataa wakafungwa au kuuawa. Wengi walitoa sadaka. Wengine walinunua cheti bila kutoa sadaka. Mateso yalipopungua, walioanguka walitaka kurudi kanisani.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Padri wa Rumi aliyeitwa Novatian alisema kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha waliomkana Kristo. Watubu, na Mungu mwenyewe ataamua. Mwaka 251, Cornelius alipochaguliwa kuwa askofu wa Rumi, Novatian akawekwa kuwa askofu mpinzani. Cornelius, pamoja na Cyprian, askofu wa Karthago, walishika njia ya kati: wapokewe baada ya toba ya muda mrefu, kila mmoja kwa kadiri ya alivyoanguka. Upande mwingine kulikuwa na waliotaka wapokewe mara moja bila masharti.

Hoja zilizotumika ni zilezile utakazozisikia jioni ya leo. Ukiwapokea kirahisi, unawatukana waliokufa kwa uaminifu. Ukiwakataa, unawafanya wakate tamaa na umejifanya Mungu. Wafuasi wa Novatian walijiita "walio safi". Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 8, uliwakubali makasisi wao warudi, kwa sharti la kuandika kwamba watashirikiana na walioanguka wakati wa mateso, na pia na waliooa mara ya pili. Linalonigusa ni kwamba mtaguso haukuwataka waape kwamba kumkana Kristo si dhambi. Uliwataka wakubali kuketi pamoja na watu hao.

Je, Wakristo wawahukumu wasio Wakristo?

Paulo anajibu kwa ufupi: walio nje hawamhusu (1 Wakorintho 5:12). Wengi wetu tumegeuza: tunawapigia kelele walio nje na kuwafichia walio ndani.

Na serikali je? Kama ni dhambi, kwa nini isiwe kosa la jinai?

Kwa sababu dhambi na jinai ni vitu viwili. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi maovu yote, bali hasa yale mazito yanayodhuru wengine, kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya umati ambao wengi wao si wakamilifu. Kiburi ni dhambi kubwa na hakuna gereza la wenye kiburi.

Januari 2023, Papa Francis aliulizwa juu ya nchi zinazowafunga wapenzi wa jinsia moja. Akasema kwamba kuwa hivyo si kosa la jinai. Kisha akaigiza majibizano: "Ndiyo, lakini ni dhambi," naye akajibu kwamba kwanza tutofautishe dhambi na jinai. Mafundisho ya kanisa lake hayakubadilika kwa sentensi hiyo. Wako Wakristo wasiokubaliana naye, wanaoamini kwamba sheria ina wajibu wa kulinda maadili ya jamii. Lakini angalau ubishi huo una swali lake, tofauti na lile la kama tendo ni dhambi.

Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, pande mbili zinasema nini hasa?

Wanaoshika mafundisho ya kale wanatoka kwenye Mwanzo 1 na 2 na maneno ya Yesu katika Mathayo 19 kuhusu mume na mke, kisha wanataja Walawi 18:22, Warumi 1:26-27 na 1 Wakorintho 6:9. Kwao swali si chuki bali ni utii, na wanaongeza kwamba kati yao wamo watu wenye mvuto huo waliochagua kuishi bila ndoa, ambao hadithi zao husahaulika.

Wanaotaka badiliko hujibu kwamba maandiko hayo yalilenga ibada za sanamu, ukahaba au unyonyaji, na kwamba waandishi wa kale hawakuwa wakizungumzia uhusiano wa kudumu wa uaminifu kati ya watu wawili wazima. Wanabishana hasa juu ya maneno mawili ya Kigiriki katika 1 Wakorintho 6:9, *malakoi* (neno kwa neno, "laini") na *arsenokoitai* (muungano wa "mwanamume" na "kitanda"). Upande wa kwanza hujibu kwamba neno la pili linafanana mno na Walawi katika tafsiri ya Kigiriki kuwa la bahati nasibu.

Matokeo yake yamepasua makanisa. Mkutano wa Lambeth, yaani wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, wa 1998 ulitamka kwamba matendo hayo hayapatani na Maandiko, na katika azimio hilohilo ukaahidi kuwasikiliza watu wenye mwelekeo huo. Sehemu ya kwanza imenukuliwa maelfu ya mara. Ya pili, waulize wenyewe kama wamesikilizwa. Kanisa la Muungano wa Methodisti liliimarisha katazo lake mwaka 2019, likapoteza makanisa zaidi ya 7,000 nchini Marekani, kisha likaliondoa mwaka 2024. Desemba 2023 Vatikani iliruhusu baraka fupi, zisizo za kiliturujia, kwa wapenzi wa jinsia moja bila kugusa fundisho la ndoa; wiki chache baadaye umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika na Madagaska ukasema kwa jumla hautazitoa, huku ukikumbusha kwamba watu hao waheshimiwe.

Kama kanisa liliwahi kubadili msimamo, si litabadili tena?

Mfano unaotajwa kwanza ni utumwa. Wamethodisti wa Marekani waligawanyika juu yake mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845, na watetezi wa utumwa walikuwa na mistari mingi ya Biblia. Wabaptisti wa Kusini waliomba radhi rasmi mwaka 1995. Mfano wa pili ni uzazi wa mpango: Waanglikana waliukataa mwaka 1908, wakauruhusu kwa masharti mwaka 1930, ilhali Papa Paulo VI alisisitiza katazo dhidi ya njia zisizo za asili mwaka 1968.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wake wengi, kwa sababu unaonyesha jinsi huruma inavyoweza kuingia bila fundisho kuvunjika. Mwaka 1888 maaskofu wa Lambeth waliamua mume wa wake wengi asibatizwe. Kivitendo, mwanamume aliyetaka ubatizo aliwafukuza wake zake na kubaki na mmoja, na waliofukuzwa waliachwa bila riziki wala heshima. Mwaka 1988, miaka 100 kamili, maaskofu walisema ndoa ya mke mmoja bado ndiyo mpango wa Mungu, lakini mtu huyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, aahidi kutooa tena, wala asilazimishwe kuwaacha kwa sababu ya madhara yatakayowapata wanawake hao.

Hata hivyo, "tulibadilika kuhusu A" si uthibitisho kwamba tubadilike kuhusu B. Kila jambo lina hoja zake. Na kanisa limewahi pia kukosea kwa kubadilika.

Na utoaji mimba? Huko huruma iko upande gani?

Kila upande unaidai: mmoja kwa mtoto, mwingine kwa mama. Katazo ni la kale sana. Limo katika Didake, mwongozo wa Kikristo wa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Makanisa kadhaa ya Kiprotestanti leo hukubali utoaji mimba katika mazingira fulani, Kanisa Katoliki halikubali. Lakini ni Kanisa hilohilo ambalo papa wake, mwaka 2016, aliwapa mapadri wote moja kwa moja uwezo wa kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu, jambo ambalo hapo awali mahali pengi lilihitaji ruhusa ya askofu. Mlango uliongezwa upana na kizingiti kikabaki palepale.

Mbona zamani waliojiua walinyimwa mazishi ya kanisa na leo wanazikwa?

Kwa sababu watu walianza kumtazama aliyekufa. Katazo hilo lilikuwepo tangu karne ya 6, na lilikuwa bado katika sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917. Sheria ya 1983 haikulitaja tena. Katekisimu ya 1992, kitabu cha mafundisho ya Kanisa hilo, bado inasema kujiua ni kosa zito, lakini inaongeza kwamba msukosuko mkubwa wa akili, uchungu au hofu hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Wazazi waliowahi kumzika mtoto nje ya uzio wa makaburi ya kanisa walijua tofauti hiyo ina uzito gani.

Huruma ikizidi, si inakuwa kulegeza?

Inaweza. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliandika mwaka 1937 juu ya neema rahisi: msamaha unaohubiriwa bila toba. Miaka minane baadaye aliuawa na Wanazi, kwa hiyo hakuwa mtu wa maneno matupu.

Lakini tulitazame neno "rehema". Limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa *rachamim* la Kiebrania, lenye undugu na *rechem*, tumbo la uzazi. Mama hamwambii mtoto mgonjwa kwamba hana homa. Wala hamwekei sharti la kupona kwanza ndipo ambebe. Waorthodoksi wana neno *oikonomia* kwa namna ya kutumia kanuni kwa kumtazama mgonjwa: wanafundisha kwamba ndoa ni moja, na bado huweza kumruhusu aliyeachika kufunga ndoa ya pili, kwa ibada yenye sala za toba ndani yake.

Ndugu yangu amekosea. Nimwambie mbele za watu?

Anza na Mathayo 18:15: wewe na yeye, mkiwa peke yenu. Akikataa, chukua mmoja au wawili. Akikataa tena, liambie kanisa. Siku hizi tunaanza na hatua ya tatu, tena kwa kuwaambia watu wasiohusika, kisha tunaiita ujasiri.

Kuna hali nyingine. Paulo alimpinga Petro mbele ya wote kule Antiokia (Wagalatia 2) kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa hadharani na liliwaumiza watu hadharani: Petro aliacha kula pamoja na waumini wa mataifa. Kosa linalodhuru wengine, hasa watoto, halimalizwi chemba. Hilo lipelekwe kwenye vyombo vya dola.

Na akikataa hata kanisa?

"Na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru." Wengine husoma hapo: mtenge, msile naye. Wengine huuliza Yesu aliwatendeaje watoza ushuru. Injili iliyoandika sentensi hiyo inaitwa kwa jina la mmoja wao, na katika sura ya 9 Yesu anakula nyumbani pamoja na watoza ushuru huku Mafarisayo wakiwauliza wanafunzi wake kwa nini.